Gari Lililoitwa Khaemba

Gari la mjukuu wangu halinuki gari. Linanuka maua ya dukani, kwa sababu ya kile kikaratasi cha kijani alichokining'iniza kwenye kioo. Ukikitoa hicho, linanuka nguo mpya. Sisi tunaliita jipya, ingawa watu wa Japani waliliendesha wakalichoka ndipo likaja kwetu. Lakini hapa Kitale ni jipya, na siku lilipofika mchungaji aliliwekea mikono, tukala kuku.

Naliaka, huyo mjukuu, ni muuguzi. Juzi alikuwa akitupeleka Bungoma, mimi na ndugu yangu mdogo, huyo ndugu akapimwe macho. Tulimchukua Kamukuywa, akaingia kiti cha nyuma, akasema habari zenu, akalala. Hivyo ndivyo alivyo. Naliaka alirudi kwenye usukani, akabonyeza kidude kama kifungo cha koti. Nikangoja. Nikangoja tena.

"Si uwashe twende?" nikamwambia.

"Shosho, imewaka kitambo."

Kumbe. Halafu mwanamke fulani aliye ndani ya gari akasema jambo kwa Kizungu.

"Anasema nini huyo?"

"Anasema ufunge mkanda."

"Amejuaje sijafunga?"

Naliaka alicheka mpaka akaegemea usukani. Kisha akaniuliza lile swali ambalo vijana hupenda kutuuliza sisi wazee, wakitaka tukosee: "Shosho, sema ukweli wa Mungu. Gari gani ni poa, hii yangu ama ile ya babako mnaongeanga kila Krismasi?"

Nyinyi wa rika langu najua mngejibu nini. Mngesema vya kale ni dhahabu, chuma cha zamani kilikuwa chuma kweli, siku hizi magari ni bati la sufuria. Mimi sisemi hivyo. Nilimwambia hili lake ni bora, na nikamwonyesha kidole changu hiki cha shahada kilichopinda, kilichofungiwa mlangoni na gari la baba. Lile gari lilitutesa. Lilitaka maji kama ng'ombe, lilitaka kusukumwa, lilitaka kubembelezwa, na mvua ikinyesha tulilowa tukiwa ndani kuliko walio nje. Hili la Naliaka halijawahi kumtaka mtu kitu chochote isipokuwa mafuta na mkanda.

Ila hakuna mtu atakayeficha kitu cha hili la Naliaka kwenye mtungi wa wimbi kwa sababu ya mapenzi. Hilo nalo ni kweli. Ngoja niwaeleze, maana yeye nilimweleza nusu, simu yake ikalia.

Tulikaa upande wa Naitiri, kwenye shamba ambalo zamani lilikuwa la mzungu. Baba alikuwa dereva wa mzungu huyo. Mzungu alipofunga mizigo kwenda kwao, gari halikuingia kwenye mizigo, akamwachia baba. Lilikuwa na rangi ya majani ya ndizi, mviringo mgongoni kama kobe, na ubavuni lilikuwa na ubao wa kupandia ambapo kuku walipenda kulala. Likitaka kukata kona, mkono mdogo mwekundu ulichomoka kando ya mlango, tak! ukasimama hewani, halafu ukarudi ndani. Nyinyi mnaokumbuka ile mikono mmebaki wachache. Ndani lilinuka petroli, ngozi ya viti, na tumbaku, kwa sababu baba alikuwa akiwabebea watu tumbaku kutoka Malakisi.

Na lilikuwa haliwaki. Betri ilichoka mapema, hatukupata nyingine, kwa hiyo liliwashwa kwa hendeli. Hiki ni chuma kilichopindwa mara mbili, unakichomeka pale mbele chini ya pua ya gari, unakizungusha kwa nguvu zako zote huku ukiomba kisirudi nyuma kikakuvunja mkono.

Siku moja, kiangazi, baba alizungusha tangu umande haujakauka mpaka jua likafika utosini. Majirani walikuja kutazama. Mzee mmoja aliyetoka huko Gikuyu kuja kulima kwetu, tulimwita Baba Njeri, alileta hata kigoda akakaa.

"Bana, hiyo uza kwa wenye kutengeneza jembe," akasema.

"Wewe una gari?" baba akamuuliza.

"Mimi niko na punda. Na inawaka kila siku."

Watu wakacheka. Kukhu alikuwa mlangoni pake akipura maharagwe. Kukhu ndiye nyanya kwa lugha yetu. Siku hizi tumekuwa mashosho wote, lakini sisi tulikuwa na kukhu. Alikuwa mama yake baba. Akasimama, akajikung'uta maganda, akaja polepole.

"Kitu kikisumbua hivi kinatafuta jina," akasema.

Hapa niseme kidogo, kwa wasio wa kwetu. Kwetu mtoto mchanga akilia bila kukoma, na hana homa wala njaa, wazee humkalia wakaanza kuita majina ya waliotangulia. Wanaita moja, analia. Wanaita lingine, analia. Likiitwa lile la yule anayemtaka, ananyamaza. Basi hilo ndilo jina lake. Mimi mwenyewe nilipatikana hivyo, jina la tano.

Baba akasema, "Mama, hili ni gari."

"Nimeona ni gari. Zungusha."

Akaanza. Akamwita babu. Baba akazungusha, kimya. Akamwita kaka yake babu, aliyekuwa mkali sana. Kimya. Baba Njeri akasema huyo mkali bado amekasirika, watu wakacheka tena. Kukhu hakucheka. Alitazama chini kidogo, kisha akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeulizia kitu dukani na anajua kimekwisha:

"Khaemba."

Gari likawaka.

Kuku waliruka kutoka kwenye ubao, mama akashika kifua, na lile gari likanguruma peke yake katikati ya uwanja. Khaemba alikuwa kitinda mimba wa kukhu, mdogo wake baba. Alikuwa turniboi wa lori la mahindi, kazi yake hasa ilikuwa kuzungusha hendeli. Homa ilimchukua kabla hajaoa, kabla hajapata mtoto. Mimi sikumwona. Nilichojua ni kwamba lilikuwa jina lisilotajwa kwetu, na sasa lilikuwa limetajwa na mtu ameitika.

Miaka mingi baadaye, baba akiwa mzee, aliniambia kwamba dakika ile ndipo alikuwa amemaliza kumwaga maji yaliyoingia kwenye kabureta. Hakumwambia mtu. Angesemaje, na mama yake amesimama pale?

Tangu siku hiyo, kila asubuhi baba alishika hendeli akaita, "Khaemba, amka twende!" Mara likawaka, mara lisiwake, lakini alikuwa anaita. Kwake, nadhani, ilikuwa kama dereva anavyopiga mluzi. Watu wa Naitiri nao wakalizoea. Wangeuliza, "Khaemba ameshuka Kitale leo?" na mtu angejibu, "Ameshuka, amebeba kabichi."

Mimi nilikuwa na miaka saba, labda minane. Nilikuwa na ushahidi wangu. Kukhu alikuwa amesema Khaemba alipenda tumbaku ya Malakisi. Gari lilinuka tumbaku. Khaemba alikuwa mcheshi, hampiti mtu bila kumsalimu. Gari lilitoa mkono kila tulipofika njia panda ambapo watu husimama. Mimi niliamini linasalimia. Nilikuwa nawapungia wale watu kumsaidia. Na macho yake makubwa mawili yalinitazama popote niliposimama uani. Kwa hiyo nilikuwa namwamkia. Nilimpelekea maji asubuhi, nikamfuta uso kwa kipande cha gunia, nikamweleza mambo ya shuleni, yale machache, maana shule niliishia darasa la tatu. Baba mdogo gani wa mtu yeyote alikuwa mpole vile? Hakuwahi kunituma dukani.

Mama akapata mimba. Kukhu alianza kwenda kwa baba jioni wakazungumza chini chini, na mimi mtoto wa kusikiliza nilisikiliza. Siku moja, nikiwa nyuma ya jiko, nikamsikia baba akisema: "Basi. Jumamosi Saidi anakuja. Khaemba aende naye Kitale, yeye atuachie mwingine mpya."

Na kukhu, mama yake Khaemba, kwa masikio yangu haya, akasema: "Aende. Hata kesho aende."

Sikula. Nilikuwa najua watu huuza ng'ombe. Sikujua huuza watu waliorudi.

Ijumaa, watu wakiwa shambani, nilichukua hendeli nyuma ya kiti. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, na imejaa grisi. Nilikuwa nikilala kwa kukhu, kama wasichana wote wa kwetu walivyolala kwa bibi zao, nikajua ndani mwake mahali pasipoguswa: mtungi mkubwa wa wimbi la mbegu. Nikaizamisha humo, nikasawazisha wimbi juu, nikatoka nikajifuta mikono kwa majani. Grisi haitoki kwa majani. Sikulijua hilo.

Saidi alifika Jumamosi asubuhi. Alikuwa fundi wa mjini Kitale, karibu na msikiti, mtu mnene mwenye kofia safi ambayo haikuwahi kushika doa hata akiwa chini ya lori. Alikuja na kijana wake wa kazi, ndani ya pikapu ya buluu. Si mpya sana, lakini ilikuwa na paa lisilovuja na ilikuwa inawaka kwa ufunguo. Aliizima, akaiwasha, akaizima, akaiwasha, kama mtoto mwenye tochi, ili tuone. Yeye alilitaka gari letu kwa sababu alipenda vitu vya zamani. Alisema ana nafasi yake chini ya kivuli, atakuwa analifungua na kulifunga bila haraka.

"Sasa washa nisikie," akamwambia baba.

Baba akaenda nyuma ya kiti. Akarudi. Akaenda tena.

"Hendeli iko wapi?"

Hapo ndipo nyumba nzima iligeuzwa. Mama na tumbo lake alichungulia hata chini ya kuku wanaoatamia. Baba Njeri aliitwa, akasema yeye na punda wake hawana matumizi ya hendeli. Baba alipekua ghala, akapekua zizi, shati likamshika mgongo kwa jasho.

"Tulivute na pikapu kwa kamba," akasema mwishowe.

Saidi akatikisa kichwa. "La, ndugu yangu. Gari nisilolisikia silichukui. Najuaje kama ndani hakuna mawe?"

"Basi njoo wiki ijayo."

"Wiki ijayo pikapu haipo. Kuna mwalimu wa Kapsokwony ananingoja leo hii saa tisa, anaitaka kwa ile milima yao. Nilikutanguliza wewe kwa urafiki tu."

Baba alikaa kwenye ubao wa gari, akaweka mikono magotini. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na lile jicho la kushoto, na nakiri hapa, nilifurahi. Nilimwambia moyoni, umebaki, baba mdogo, hawakupeleki.

Kukhu akaniita ndani ninawe nile uji. Alishika viganja vyangu avimwagie maji, akasimama. Akavigeuza. Ile mistari ya kiganja ilikuwa nyeusi ti, kama imechorwa. Hakupiga kelele. Alifunga mlango.

"Iko wapi?"

Nikalia. Nikamwambia sitaki Khaemba auzwe. Nikamwambia, nikiwa na hasira kabisa, kwamba yeye ni mama mbaya, mtu amekufa akajitahidi akarudi na sasa anapelekwa kwa Saidi.

Kukhu alikaa kitandani. Nilidhani atanichapa, nikawa nangoja.

"Nani alikuambia amerudi?"

"Wewe. Ulimwita akaitika."

Nje nilisikia kijiko cha Saidi kikigonga kikombe. Alikuwa anamalizia chai.

"Nilikosa mimi," kukhu akasema. "Sikuwa naliitia gari. Nilikuwa na hamu ya kulisikia hilo jina hapa uani, mara moja tu. Gari nalo likawaka. Sasa kila asubuhi babako anaita, Khaemba amka, na mimi niko hapa kitandani, najua hakuna mtu, lakini masikio yangu yanainuka. Kila asubuhi anaitwa, anayetoka ni moshi."

Nikajifuta machozi kwa kiganja kile cheusi.

"Na mamako atazaa mwezi huu," akaendelea. "Khaemba hakuacha mtoto. Asipopata mtu wa kubeba jina lake amekwisha, ni kama hakuwahi kuwa. Nimpe mtoto jina ambalo limeandama chuma, liko hapo nje limebeba kabichi? Wazee watakataa, na mimi mwenyewe nitakataa. Jina haliwezi kukaa pawili katika boma moja. Sasa niambie. Wewe unamtaka Khaemba awe gari, ama awe mtu?"

Niliwaza. Mtoto huwaza kweli akiulizwa hivyo. Gari nilikuwa nalo, mtu sikuwa nimemwona.

Nikaingiza mkono kwenye mtungi mpaka kwapani, nikaitoa. Wimbi lilikuwa limeshika grisi yote, ile hendeli ikawa kama imeota manyoya. Kukhu aliitazama, kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka kidogo. "Mbegu yangu umeiharibu wewe. Ipeleke mwenyewe."

Nilitoka nayo nimeikumbatia kama mtoto. Saidi alikuwa ameshaingia kwenye pikapu, mlango wazi. Baba aliniona, akaona wimbi, akaelewa yote mara moja, akainua mkono. Kukhu alikuwa nyuma yangu.

"Ukimpiga huyo, nianze kupigwa mimi."

Baba akashusha mkono. Akaipangusa hendeli kwa suruali, akaichomeka, akavuta pumzi kama kila asubuhi, akafungua kinywa.

"Usiite," kukhu akasema.

"Nisiite?"

"Zungusha tu."

Akazungusha. Kimya. Nikamtazama kukhu, midomo yake ilikuwa imebanwa kabisa. Akazungusha mara ya pili, likakohoa likafa. Ndani yangu watu wawili walikuwa wanashindana, mmoja anasema wala lisiwake, ni yeye, hataki kuondoka. Mwingine anasema liwake, liwake, liwake.

Mara ya tatu likawaka. Hakuna aliyeitwa, likawaka.

"Mashallah," Saidi akasema, sikio kalitega. "Sikia hiyo sauti."

Kukhu alilitazama lile gari kama unavyomtazama mgeni uliyemfananisha na mtu barabarani, akageuka, kumbe siye. Akarudi kwenye kazi zake. Saidi alitoa gari uani, yule kijana wake akabaki kumwonyesha baba gia za pikapu. Kwenye njia panda mkono mwekundu ukachomoka, tak! Nami nikainua wangu. Nilijua sasa ni wa kuonyesha kona. Niliinua hivyo hivyo.

Pikapu haikupewa jina. Tulimuuliza kukhu, akasema pikapu ni pikapu. Na niseme haki yake, iliwaka kila siku, haikuvuja, na mama alipopata uchungu wiki mbili baadaye, ilikuwa ufunguo mara moja na wakafika hospitali kabla ya mvua. Kwa lile la kwanza sijui tungefanyaje. Kwa hiyo mkinisikia nalisifu gari jipya, nina sababu.

Alizaliwa mvulana. Alilia siku mbili. Kukhu akamkalia, akaita babu, akaita kaka ya babu, akaita wengine ambao sijapata kuwasikia tena. Lile moja aliliweka mwisho kabisa, naona aliogopa kulijaribu. Alipoliita, mtoto akanyamaza, kukhu akafunika uso kwa leso, hakutoka ndani mpaka kesho yake. Mama aliniambia baadaye, tukichambua mboga, kwamba saa ileile alikuwa ametia ziwa kinywani mwa mtoto. Lakini naye hakumwambia mtu. Kwetu ni watu wa kujua wakati wa kunyamaza.

Basi juzi tukafika Bungoma. Naliaka akaegesha, akabonyeza kidude chake, gari likazima, na tena nikaambiwa tu kwamba limezima. Akafungua mlango wa nyuma kumshusha ndugu yangu. Akamgusa bega. Akamgusa tena, akamtingisha, akaniangalia kwa yale macho ya wauguzi.

"Shosho, mbona haamki?"

"Toka hapo," nikamwambia. "Humjui."

Nikasimama kando ya gari, nikavuta pumzi, nikaita kwa sauti ya baba, watu wa pale hospitali wakageuka:

"Khaemba, amka twende!"

Akafumbua macho. "Unanipigia kelele," akasema, "kwani mimi ni gari?"

Akatoa mkono mmoja kando ya mlango, akauacha pale hewani, nikaushika.